Kabla ya kamera, kaa kwenye mkeka wa bi harusi

Dada yangu mkubwa aliolewa mimi nikiwa bado skuli. Albamu yake ipo nyumbani mpaka leo, nzito, ina picha zaidi ya mia mbili. Amekaa kwenye kiti cha rangi ya dhahabu, nyuma yake pazia na maua ya plastiki, wageni wanapanda steji mmoja mmoja na kushuka. Jirani yetu aliolewa mwaka ule ule, ukumbi ule ule, na mpiga picha akawa huyo huyo. Ukiziba nyuso kwa kidole hujui albamu ipi ya nani. Na bibi yetu, aliyekesha usiku mzima akifunga vikuba vya asumini na rehani kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza, hayumo hata kwenye picha moja. Alifariki miaka miwili baadaye.

Nadhani ndipo kazi yangu ilipoanzia. Sasa ni mimi ninayepiga picha za harusi, upande wa wanawake, Unguja na Pemba, na haya ninayoandika ni kwa bi harusi anayejiandaa na kwa mdogo wangu yeyote aliyenunua kamera juzi akataka kujua aanzie wapi.

Anza bila kamera. Siku tatu au nne kabla ya harusi ninakwenda nyumbani kwa bi harusi, ninavua viatu, ninakaa mkekani, ninakunywa chai ninayopewa. Ninauliza mambo matatu tu. Nani amekulea? Kitu gani kimo humu ndani tangu hujazaliwa? Nani ungependa awepo na hatofika? Kisha ninanyamaza. Watu wengi huleta orodha za picha walizoziona mtandaoni, pete juu ya jani, viatu vimepangwa, na sizikatai. Lakini orodha hiyo haijui kwamba wewe umelelewa na mama mkubwa, wala kwamba mrashi wa fedha uliopo kabatini ndio uliomnyunyizia mawardi nyanya yako.

Wete, Pemba, niliwahi kumuuliza bi harusi lile swali la tatu, akainamisha kichwa. Baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama yake akainuka bila kusema neno, akafungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na kofia ya kiua. Alimshonea mumewe mwenyewe wakati wa uchumba, kitobo baada ya kitobo, kwa sindano ya mkono, na kazi hiyo humalizika kwa miezi, si kwa siku. Ukingo wa mbele, panapokaa kipaji cha uso, uzi ulikuwa umegeuka manjano kwa jasho la miaka. Mama akapitisha kidole pale, mara mbili.

Siku ya ndoa kaka mtu ndiye aliyekuwa walii, yaani wa kumwozesha dada yake. Mnajua kwetu ilivyo: kabla wanaume hawajakwenda msikitini, walii huingia ndani kumuomba bi harusi idhini. Picha hiyo watu hawaipigi, kwa sababu mpiga picha wa ukumbini hajafika bado, na wa msikitini yuko msikitini na bwana harusi. Mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa tangu siku ya chai, nikasimama pembeni ya mlango. Kaka akaingia amevaa kofia ya baba yake. Akapiga magoti mkekani mbele ya dada yake, akauliza kwa sauti ndogo. Bi harusi alikuwa amejifunika mtandio, akainua uso, akaiona kofia. Nilipiga nikiwa nyuma ya kaka: kofia imejaa mbele, ule ukingo wa manjano hauonekani, na juu yake ni mkono wa bi harusi wenye hina ukiigusa kidogo. Uso wake haumo. Mama aliniambia hiyo ndiyo picha pekee aliyoitundika chumbani kwake.

Ukiwa na nguvu ya kulipa mpiga picha kwa saa chache tu, mwite asubuhi hiyo nyumbani, na ukumbini akae muda mchache. Hiyo ndiyo rai yangu na sijaijutia. Steji ina taa za kila rangi zinazogeuza ngozi zambarau, na kila mgeni ana simu. Lakini jikoni, penye shangazi anayepepeta mchele wa pilau, na chumbani, penye somo, yule mama anayemfunda bi harusi, akimnong'oneza mwari wake, huko hakuna anayepiga.

Sasa niseme mambo ya ufundi kidogo. Hina haionyeshi rangi yake siku inapobanduliwa. Mwanzo huwa ya chungwa, kisha huiva kwa siku moja hadi mbili, ikawa nyekundu iliyokolea. Kwa hiyo mimi huipiga mara mbili: usiku inapopakwa, ikiwa bado mbichi na bi harusi amenyoosha mikono kama mtoto, hawezi kula mpaka alishwe, na siku ya harusi ikishaiva. Ile ya kulishwa tonge na mama ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Usimwambie mtu yeyote atabasamu. Subiri tu.

Moshi wa udi nao una namna yake. Ukipiga kwa flashi moshi unapotea, linabaki wingu la kijivu lisilo na umbo. Zima flashi, zima na feni, fungua dirisha moja, kisha chetezo kikae baina yako na dirisha, kwa upande kidogo, na nyuma yake pawe na kitu cheusi, mlango au buibui lililotundikwa. Mwanga ukitoka nyuma utauona moshi ukipanda nyuzi nyuzi kwenye nguo. Nyumba zetu za zamani zenye kuta nene za chokaa ni rafiki mkubwa wa kamera, maana ukuta mweupe unarudisha mwanga wa dirisha kwa upole.

Kwa picha za nje, mwanga mzuri ni baada ya Alasiri. Jua letu halibadiliki sana mwaka mzima, huzama baina ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo. Maliza mapema ili adhana ya Magharibi isiwakute bado mnapanga shela. Nimeona maharusi wakigombana na wazee kwa jambo hili, na wazee walikuwa na haki yao.

Na nje pawe wapi? Hapa nitasema kweli yangu. Kila mtu anataka mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, nami naupenda. Lakini mara nyingi mlango ule ni wa hoteli ambayo familia haijawahi kuingia. Bwana harusi mmoja alikulia Michenzani, kwenye yale majumba marefu, nikampiga akishuka ngazi alizokuwa akipanda na ndoo za maji utotoni, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Ndugu zake walipoiona walianza kusimulia, na hawakunyamaza mpaka usiku. Mlango wa bati wa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, aliotokea mama yako siku ya harusi yake una haki ya kuingia albamu.

Kanga zisomeni. Bi harusi hupewa doti nyingi, na kila aliyetoa amechagua jina kwa makusudi. Shangazi aliyeleta "Nani kama mama" amesema jambo. Mimi huitandaza kanga ili pindo na jina visomeke, kisha ninamwita mtoaji aishike mwenyewe, vidole vyake vionekane. Kama kuna kisutu cha bibi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kisibaki sandukuni siku hiyo.

Kuna jambo la heshima ambalo nimelijua kwa uchungu. Zamani nilipeleka picha zangu kusafishwa kwenye duka moja mjini, na baada ya wiki nikaambiwa bi harusi wangu yuko dirishani, ukubwa wa kalenda, kichwa wazi, kila apitaye anamtazama. Nilikwenda kuitoa siku ile ile, kisha nikaenda kwa mama yake kuomba radhi. Alinisamehe. Mimi bado linaniuma. Tangu hapo nasafisha mwenyewe nyumbani, na siku ya chai ninauliza waziwazi: nani ataziona hizi? Naweka mafungu mawili, la ndani na la nje. La nje huwa na mikono, migongo, kikuba juu ya nywele zilizofunikwa, viatu vya baba kizingitini. Picha isiyo na uso, lakini kila wa nyumba ile akiiona anajua ni nani.

Mwisho, zisafisheni kwenye karatasi. Simu huibiwa, huanguka baharini, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyombo. Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930, iliwapiga Wazanzibari wa vizazi vingi, na picha za namna hiyo bado zimo kwenye masanduku ya bibi zetu, nyeusi na nyeupe, safi kabisa. Tatizo la nyingi kati ya hizo ni moja: hakuna aliyeandika majina. Basi chukua penseli laini, wino hupenya, geuza picha, uandike nyuma ni nani, mtoto wa nani, nyumba gani, mwezi gani. Fanyeni kazi hiyo katika siku za fungate, wazee wakija kuwatazama, maana wao ndio wanaojua yule mama wa tatu kutoka kushoto ni nani.