Ukurasa wa bei ya jumla uko unaonekana kwa Google, nifanye nini?

Jambo. Niko na ateliye ya kushona vitenge hapa Kadutu, Bukavu, kijana mmoja alitutengenezea saiti kwa WordPress. Juzi kliyenti akanitumia picha kwa WhatsApp, alitafuta jina yetu kwa Google na kitu ya pili yenye ilitoka ni ukurasa wa bei ya jumla, ile tunapatia tu wamama wanaobeba robota kwa kwenda kuuzisha. Sasa kila mtu anataka bei ile ile! Kijana anasema shida ni saitimapu, akanionyesha, mwisho wa anwani yetu unaongeza wp-sitemap.xml, nikafungua nikakuta vyote viko mule: ukurasa wa bei, ule wa "Aksanti kwa komande yako", ukurasa wa majaribio yenye tulisahau, mpaka jina yenye naingilia nayo kwa saiti. Nikitoa hizo kurasa kwa saitimapu, zitapotea kwa Google? Na nazitoa namna gani, juu mimi sijui mambo ya kodi, ile lugha ya kuandika programu.
Msomaji, Kadutu, Bukavu

Mama, pole sana, hiyo bei ni mkate wa watu na haikupaswa kuonekana hata siku moja. Nianze na swali lako la kwanza juu hapo njo wengi wanapotea: hapana, kuutoa ukurasa kwa saitimapu peke yake hakuutoi kwa Google. Saitimapu ni orodha tu yenye saiti inawapatia roboti za kutafuta, kama kusema "kurasa zangu ni hizi, piteni muangalie". Google ilianza nayo 2005, mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakakubali kutumia ile ile. Lakini roboti haifuati orodha tu, inafuata pia linki, na kama ukurasa wako wa bei uko na linki hata moja kwa menyu ama mtu aliubandika mahali fulani kwa intaneti, itaufikia tu. Ni sawa na duka yako pale sokoni, usipomwonyesha mteja mlango wa depo haimaanishi depo iko na kufuli.

Tena usimlaumu sana kijana, tangu WordPress 5.5 ya mwezi wa nane 2020 programu yenyewe inaandika saitimapu bila mtu kuiomba, na inaingiza kila ukurasa uliochapishwa, kategoria, na pia ukurasa wa kila mtu aliyeandika kitu, njo maana jina lako lilitoka.

Sasa kazi. Kinachoondoa ukurasa kwa Google ni neno moja, noindex, linakaa kwa kichwa cha ukurasa, watu hawalioni ila roboti inalisoma na kuelewa kwamba ukurasa huu usionyeshwe. Hauna haja ya kujua kodi. Weka pulagini (programu ndogo unaongeza kwa WordPress) ya SEO, yaani ya kupanga namna saiti inaonekana kwa Google, mimi nazoea Yoast, fungua ukurasa wa "Aksanti", shuka chini kwa sehemu ya mambo ya ziada, pale inakuuliza kama injini za kutafuta ziruhusiwe kuuonyesha, jibu hapana, hifadhi. Uzuri wake ni kwamba kwa kitendo hicho kimoja Yoast inaweka noindex na papo hapo inautoa ukurasa kwa saitimapu, hizo mbili zinatembea pamoja, na mimi naona hiyo njo njia ya kweli, si kuhangaika na orodha upande mmoja huku ukurasa wenyewe bado uko wazi. Jua tu kwamba ukiweka Yoast saitimapu yako inabadilisha anwani, inakuwa sitemap_index.xml. Jina lako la kuingilia nalo, kwa mipangilio ya Yoast kuna kumbukumbu za waandishi, yaani zile kurasa za kila mwandishi, zizime, duka ya vitenge haizihitaji. Ukurasa wa majaribio ufute kabisa.

Ule wa bei ya jumla ni kesi ingine. Noindex itautoa kwa Google lakini yeyote aliye na linki bado ataufungua, na kliyenti wako tayari iko nayo kwa simu. Kwa hiyo uwekee na nenosiri, WordPress iko na hiyo ndani yake, kwa ukurasa wenyewe pale pa kuchagua nani aone, halafu nenosiri uwapatie wale wamama tu. Ama, na kwa ukweli mimi ningefanya hivi, utoe kabisa kwa saiti na bei uwe unawatumia kwa WhatsApp.

Mtu atakuja kukuambia "zuia kwa robots.txt". Usikubali, nakuomba! Faili hiyo inakataza roboti kuingia kwa ukurasa, na kama haiingii haitaiona ile noindex yako, matokeo anwani inaweza kubaki kwa Google bila maelezo yoyote. Tena robots.txt inasomwa na kila mtu duniani, ukiandika mule anwani ya bei zako umewaonyesha mlango wewe mwenyewe.

Ukimaliza, ingia Search Console, chombo cha Google cha wenye saiti, kuna sehemu inaitwa Suppressions kama yako iko kwa Kifaransa, omba anwani ya bei ifichwe. Inafichika haraka, ila ni kwa miezi kama 6 tu, noindex ama kuufuta ukurasa njo dawa inayobaki. Hizo zingine ngoja, inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki, mpaka roboti irudi.

Mimi saitimapu yangu haifunguki kabisa, inaniambia ukurasa haupo, na saiti iko hewani toka mwezi uliopita.
Msomaji, Goma

Kaka, ingia Réglages, halafu Lecture, shuka chini kabisa, karibu hakika utakuta kale kasanduku kanakoomba injini za kutafuta zisiangalie saiti kamebaki na alama toka wakati wa kujenga. Kakiwa na alama, WordPress inazima saitimapu yake yote. Toa alama, hifadhi, fungua tena.

Kwa saitimapu nimeweka priority 1.0 (alama ya umuhimu wa ukurasa) kwa kurasa zetu zote 300 ili tupande juu, lakini hatupandi.
Msomaji, Lubumbashi

Google haisomi priority, wala ile changefreq (ukurasa unabadilika kila baada ya muda gani), imelisema yenyewe wazi. Inayoangalia ni lastmod, tarehe ya mabadiliko, na inaiamini kama ni ya ukweli, kwa hiyo usiibadilishe kila asubuhi wakati ukurasa ni ule ule. Na kurasa 300 ni kidogo, faili moja inabeba mpaka anwani 50.000, usiigawanye. Pitia hizo 300 moja moja na ujiulize ni ipi ungependa mgeni aanze nayo akifika toka Google, zisizokuwa na kitu cha kumpa ziwekee noindex.