Mwanangu, dokezo si la kudokeza

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Sisi hapa Kikuyu, Dodoma, hatujambo, ila joto linatutoa nje usiku kama kawaida yake mvua zikipumzika kidogo.

Nimeliona dokezo lako, hayo maelezo ya ombi uliyomwandikia mkuu wako ndani ya jalada. Kwanza nikugombeze kidogo: usinitumie tena picha ya karatasi ya ofisi. Nimekaa masijala, kwenye chumba cha majalada, miaka ishirini na sita na sijawahi kutoka na folio, karatasi ya jalada yenye namba, hata moja kwenye mkoba. Ukitaka ushauri, nisomee kwa simu.

Sasa swali lako. Unasema umeandika kurasa mbili, umeeleza kila kitu, na mkuu wako amelirudisha mara ya tatu na maneno mawili chini yake: "Unaomba nini?" Umekasirika. Unauliza kosa liko wapi wakati kila kitu kimo.

Kimo, mama. Nimekitafuta nikakipata kwenye aya ya nne, mstari wa tatu: "hivyo upo umuhimu wa kuwafikia wakulima mapema." Kabla ya hapo umemweleza mtu aliyekulia Dodoma kwamba zabibu ni zao muhimu la biashara Dodoma na kwamba huvunwa mara mbili kwa mwaka. Anajua. Asichokijua ni kwamba unataka gari. Neno gari halimo kabisa.

Nadhani jina lenyewe ndilo linalotuponza. Dokezo limetoka kwenye kudokeza, na sisi tumelelewa kudokeza. Mgeni hasemi ana njaa, anasema leo jua kali. Mwenye nyumba anaelewa, anaweka sufuria jikoni. Lakini mkuu wako hana nafasi ya kukuwekea sufuria. Ana majalada mengi mezani, na ya leo yanakuja pia kwa mfumo wa kompyuta, anayafungua kwenye simu akiwa njiani kwenda kikao Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Anaona mistari michache ya juu. Kama ombi liko aya ya nne, kwake halipo.

Mimi nilijifunza kwa maji. Mwaka wangu wa pili kazini paa la masijala lilianza kuvuja. Niliandika dokezo refu la kupendeza: umuhimu wa kumbukumbu, hali ya jengo, athari za unyevu kwa karatasi. Nikamaliza kwa "Naomba kuwasilisha", nikajiona msomi. Likarudi na neno moja: "Nimeona." Sahihi, tarehe. Nikalihifadhi. Unazijua mvua za huku, zinakawia, zikija zinakuja kwa hasira. Desemba ile tulianika majalada uani kama mtama, tumeyawekea mawe upepo usiyapeperushe. Nilimlaumu bosi mpaka siku nilipolisoma tena dokezo langu. Nilikuwa sijaomba bati hata moja. Nilisema paa linavuja, naye kweli aliona.

Tangu hapo, kabla sijaandika, nilikuwa najiuliza: huyu mtu ataandika nini chini ya dokezo langu? Maana dokezo halimalizwi na aliyeliandika. Linamalizwa na yule wa juu, kwa kalamu yake, mstari mmoja. Wewe unataka aandike "Naidhinisha. Afisa usafirishaji atekeleze." Basi mwandalie nafasi ya kuyaandika hayo bila kukuita ofisini kukuuliza swali. Ukijua jibu unalolitaka, dokezo lenyewe linakuja.

Lako ningeliandika hivi. Kichwa kwanza, kwa sababu "Yah: Zao la zabibu" ni kichwa cha kitabu:

"Yah: Maombi ya gari na dizeli kwenda Hombolo, tarehe 11 na 12 Februari

Naomba idhini ya gari moja, dereva na lita 50 za dizeli ili nikakague mashamba ya zabibu yaliyoripotiwa kuwa na ukungu (folio 9). Mvua bado zinanyesha, na ukungu huenea upesi majani yakiwa na majimaji. Safari ikisogezwa mwezi ujao tutakuta umeshika vichala. Mhasibu amethibitisha kuwa fedha ipo kwenye kifungu cha mafuta. Nikipata idhini kufikia Ijumaa, nitawapigia maafisa ugani wa kata wawakusanye wakulima."

Basi. Lita nimebuni, wewe kaa na dereva mpige hesabu ya kweli. Na hilo la mhasibu usiliandike kabla hujaenda kwake kwa miguu yako. Hapo ndipo madokezo mengi hufia: mkuu anaandika "Mhasibu ashauri", jalada linashuka, linakaa wiki, linapanda. Kwenda mwenyewe mlango wa tatu ni dakika tano. Mwezi wa Juni ndio usiseme, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na hapo hata ombi zuri linakuta kifungu kitupu.

Umeona nimeandika folio 9 nikapita? Barua ya wakulima imo ndani ya jalada, upande wa kulia, ina namba yake. Huna haja ya kuinakili yote kwenye dokezo. Mtajie folio, akitaka atafunua.

Halafu hizi "imeonekana" na "ilibainika" zako. Nani aliona? Kama ni afisa ugani, mwandike. Kama ni wewe, sema niliona. Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji ndani ya kitenzi kimoja, na ofisini watu wanaupenda mlango huo kwa sababu jambo likiharibika hakuna wa kuulizwa. Lakini wewe unaomba gari, hujaiba kitu. Toka nje uonekane.

Heshima usiiondoe. Kuna vijana wanadhani kuandika kwa ufupi ni kuandika kama unamtuma mtoto dukani. "Naomba idhini" inatosha kwa heshima. "Kwa heshima na taadhima" mara tatu kwenye ukurasa mmoja inachosha. Na ile "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu", mimi naiona ni ya barua za kwenda nje, ndani ya jalada inakula mstari bure. Ila kama mkuu wako ni wa zamani kama mimi na anaipenda, iweke. Usigombane na mtu kwa mstari mmoja wakati unataka gari lake.

Andika upya leo jioni. Ukimaliza nipigie unisomee kabla ya saa mbili, taarifa ya habari ikianza baba yako hataki kelele. Na hiyo picha, ifute.

Mama yako