Mjomba, kuhusu ule moto na zile pesa

Mjomba, shikamoo. Sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu, mara mbili ndani ya basi na mara moja nikiosha vyombo. Unacheka, na nyuma yako nasikia watu wa barazani Mwanga, huko Kigoma, nao wanacheka. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, inakuwaje watu wanaozungumza na chombo kilichozipita sayari zote washindwe na moto wa nyasi? La pili hukulicheka. Umesikia waliounguliwa Marekani wamelipwa mabilioni, na nyumba yangu mliiona kwenye picha, mbona mwaka mzima natuma elfu hamsini hamsini?

Nitajibu yote. La pili ndilo linaloniuma, kwa hiyo naanza na la kwanza.

Altadena, nilikokuwa naishi na ulikopita moto, ni mji wa watu kama 42,000, kaskazini ya Los Angeles, chini ya milima ya San Gabriel. Chukua Kigoma, toa ziwa, mahali pa ziwa weka jiji lisilo na mwisho, mlima uache hapohapo mgongoni. Juu ya mlima huo, mahali panapoitwa Mount Wilson, kuna darubini yenye kioo cha inchi 100. Ndiyo aliyotumia Edwin Hubble miaka ya 1920 kuonyesha kuwa nje ya kundi letu la nyota kuna makundi mengine. Chini, upande wa magharibi, kuna JPL, kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani. Hicho chombo unachokisema ni Voyager 1, kilirushwa mwaka 1977 na mpaka leo kinaongozwa na kituo hicho. Kiko mbali kiasi kwamba ukikitumia ujumbe leo saa nne asubuhi, unakifikia kesho karibu saa ileile. Mimi nilikuwa napita karibu na geti lao nikienda kazini na chakula changu kwenye mfuko wa plastiki. Msifikiri nilikuwa naingia.

Sasa moto. Mjomba, wewe na mimi moto kichaa tunaujua. Julai na Agosti, ukiwa kwenye boti usiku, unauona mstari mwekundu juu ya vilima vya kwa bibi Mwamgongo. Mtu anasafisha shamba, moto unamtoroka, kijiji kizima kinapanda na matawi mabichi, mnaupiga mpaka alfajiri mnarudi na nyusi zimeungua. Kwa hiyo sishangai mkicheka. Na mimi jioni ile, nilipoona mwanga mlimani, nilisema moyoni: wana magari ya zimamoto, wana helikopta, huu utazimwa kabla ya chakula cha usiku.

Nilisahau upepo. Mnaujua kusi unavyolikoroga ziwa kiangazi mpaka wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani? Wa huku unaitwa Santa Ana. Unatoka jangwani, unashuka milimani, na kadiri unavyoshuka unazidi kuwa na joto na ukavu. Tarehe 7 Januari 2025 ulivuma milimani kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Vipindi viwili vya mvua kabla ya hapo mvua ilikuwa nyingi, vichaka vikanenepa, kisha tangu Mei haikunyesha mvua ya maana. Yaani vichaka vilishiba, halafu vikakaushwa.

Moto ulianza saa kumi na mbili na robo jioni kwenye bonde la Eaton. Kwa upepo ule ndege na helikopta zilishindwa kuruka. Mabomba ya barabarani ya kujazia maji yakaanza kukosa nguvu, kwa sababu kila gari la zimamoto lilikuwa linavuta kwa wakati mmoja. Na moto wenyewe haukutembea kama wetu, hatua kwa hatua kwenye nyasi. Cheche ziliruka, zikaingia kwenye matundu ya hewa chini ya paa, nyumba ikaanza kuungua kwa ndani huku nje maua yakiwa bado mabichi. Nyumba za huku ni mbao, mjomba. Nzuri kuliko zote unazoziona kwenye televisheni, ukigonga ukuta unasikia uwazi. Tofali zetu za kuchoma tunazozidharau, mimi siku hizi naziheshimu.

Jambo moja ambalo barazani hamtaliamini: walijua. Watu wa hali ya hewa walitangaza siku kadhaa kabla kwamba upepo hatari unakuja. Elimu haikushindwa hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga mlango.

Nilikuwa zamu ya usiku kwa bibi ninayemtunza. Ana miaka 88, Mmarekani mweusi, anatumia kiti cha magurudumu na mashine ya oksijeni. Nyumba yake ilikuwa magharibi ya barabara ya Lake Avenue. Upande wa mashariki waliambiwa mapema waondoke. Kwetu kimya. Umeme ukakatika, mashine ikazima, nikamuunganisha na mtungi mdogo wa akiba na kuanza kuhesabu saa. Kila dakika kumi naangalia simu, hakuna tangazo. Bibi ananiambia, "Lala, mwanangu, wakituhitaji watatuita."

Hawakutuita. Saa nane na nusu jirani, kijana wa Kimeksiko ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tunapungiana mikono tu, alipiga mlango kwa ngumi mbili. Hakusalimia. Aliingia, akambeba bibi kama unavyobeba mtoto aliyesinzia kwenye ngoma, akamweka kwenye gari. Mimi nikachukua mtungi, dawa na pochi yake. Simu yangu ilibaki jikoni kwenye betri ya akiba, ikichaji. Nje kulikuwa na rangi ya mawese, angani na chini, na upepo ukitupa vipande vya moto barabarani kama mtu anayepepeta. Agizo rasmi la kuondoka upande wetu lilitolewa baada ya saa tisa, tukiwa tumeshafika Pasadena, mji wa jirani. Waliokufa kwenye moto ule ni watu wasiopungua 19, karibu wote wa magharibi ya barabara ile, na wengi ni wazee. Nikiamka usiku nawaza hilo tu, simuwazi Voyager.

Tulipelekwa kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano wa Pasadena. Ndani kulikuwa na mamia ya watu, wazee wa nyumba za kutunzia wazee wamepangwa kwenye viti vya magurudumu, wengine na nguo za kulalia, wamefunikwa blanketi za msaada. Kitanda cha jirani yetu alilala mhandisi wa JPL, na mbwa wake. Nyumba yake ilikuwa imeungua. Baadaye tulisikia wafanyakazi zaidi ya 150 wa kituo kile walipoteza nyumba. Nilimuuliza swali lako hilohilo, mjomba, ingawa mimi niliuliza kwa adabu. Akasema chombo kiko mbali lakini njia yake inajulikana, hakuna kitu cha kukipeperusha. Akanyamaza, akamkuna mbwa. Kisha akaniuliza kama nina chaja.

Hao wenzake walifunga kituo, wakabakisha watu wa dharura, na kazi ya kuongea na vyombo vya angani ikahamishiwa kituo cha akiba. Moto haukuingia kwao. Kule Mount Wilson nako watu walishushwa, moto ukapanda miteremko, wazima moto wakapambana, darubini ikapona. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 moto mwingine ulifika karibu nayo sana, nayo ikapona. Kwa hiyo jibu fupi la barazani: vyombo vya sayansi vilipona, majengo zaidi ya 9,400 yakateketea. Eneo lililoungua ni kubwa kuliko nchi kavu yote ya Hifadhi ya Gombe. Pimeni wenyewe kwa miguu.

Haya, la pili.

Ile picha aliyoiweka mama ukutani sebuleni, nimesimama mbele ya mlango mwekundu na mawaridi pembeni: ile nyumba si yangu. Ni ya bibi. Nilipiga siku yangu ya tatu kazini. Nilipoituma sikusema ni yangu. Mama aliponijibu "hongera mwanangu, Mungu amekuona", sikusema pia si yangu. Nikaacha. Baada ya wiki shangazi akauliza ina vyumba vingapi, nikajibu vitatu, na ni kweli ina vitatu. Hivyo ndivyo nilivyowadanganya bila kutamka uongo hata mmoja, na miaka minne ikapita.

Mimi nilikuwa nimepanga kijumba cha uani, nyuma ya nyumba ya watu wengine, mitaa sita kutoka kwa bibi. Chumba kimoja, bafu na jiko la sahani mbili, dola 1,150 kwa mwezi. Nilikuwa nalipwa dola 17.27 kwa saa, ndicho kima cha chini cha huko wakati ule. Pigeni hesabu, mtoe kodi ya nyumba, kodi ya serikali, chakula, basi, na elfu hamsini zenu, mtaona kilichobaki ni soksi. Kijumba nacho kiliungua usiku uleule. Mwenye nyumba alikuwa na bima, ikamlipa jengo lake na vitu vyake. Vyangu havimo. Kuna bima ya mpangaji, dola 15 kwa mwezi, niliwahi kuletewa fomu, nikaona hizo dola 15 ni heri zije Kigoma. Silaumu mtu, nilichagua mwenyewe. Serikali kuu ilitoa dola 770 za mwanzo kwa waliohitaji, na kwa kuwa nina makaratasi nilipata. Hizo ndizo mabilioni yangu.

Kazi nayo ikaondoka. Binti wa bibi alikuja kumchukua, akampeleka kwake Las Vegas. Nikabaki na mfuko wa nguo za msaada na gari la kuazima la dada mmoja wa Tabora. Nililala ndani ya gari hilo usiku kumi na moja. (Mtani wangu huyo Mnyamwezi hakunidai hata mafuta, lakini mpaka leo akiniona ananiuliza kama nimeshaamka.) Ile siku nilipowapigia nikasema niko hotelini, nilikuwa hotelini kweli, nasafisha vyumba. Nilipiga simu kutoka ngazi za nyuma.

Chumba kingine kilichukua miezi mitatu kupatikana. Sheria ya huku inakataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 wakati wa dharura, ila watu walipandisha, maana maelfu tulikuwa tunagombea vyumba vilevile. Sasa naishi mbali, basi mbili mpaka kazini, saa moja na dakika arobaini nikiwa na bahati.

Wadogo zangu watauliza: basi ni bora kurudi? Sijui kuwajibu kwa neno moja. Nikiugua huku natibiwa, na mshahara unaingia siku yake. Lakini kama kuna anayekuja kwa sababu ya mlango mwekundu, asije.

Bibi mwenyewe alikuwa na bima. Ila nyumba aliinunua miaka ya sabini, kwa upande ule ambao watu weusi waliweza kununua, na kiasi alichokatiwa hakitoshi kujenga tena kwa bei za leo. Kiwanja kipo. Kila wiki anapigiwa simu na watu asiowajua wanataka kukinunua. Mtaa mzima umewekwa mabango kwamba Altadena haiuzwi. Amekataa. Miaka 88, anabishana na madalali kwa simu, na nasikia sauti yake imepata nguvu kuliko alipokuwa kwangu.

Huwa ananipigia Jumapili. Oktoba alinipigia katikati ya wiki. Huku nikisema natoka Kigoma hakuna anayepajua, nikisema kwa sokwe wa Jane Goodall, yule mtafiti wa Gombe, macho yanafunguka, na bibi tangu siku ya kwanza alinifahamu kwa Gombe. Akaniambia mwenzenu amefariki, hukuhuku California. Tarehe mosi Oktoba alikuwa aje Pasadena, kukutana na wanafunzi na kuzindua upandaji wa miti kwenye maeneo yaliyoungua. Watoto walikuwa wamekusanyika wanamngoja. Walinyamaza kidogo, kisha wakapanda mti wa kwanza kwa jina lake. Mama mzima aliyeshuka Gombe mwaka 1960, akakusudia kuja kupanda miti mlangoni kwangu. Nililia ndani ya basi, abiria wakanipa nafasi.

Bati za mama nitazituma mwezi wa nne, si kabla, na zitakuwa ishirini, si arobaini. Shabani asinipigie kuhusu bodaboda.

Halafu mjomba, nina ombi, na lifanye wewe kwa sababu mama atauliza maswali mengi. Ile picha ukutani usiiache aitoe kwa hasira akishajua. Ishushe, ipeleke nje kwenye mwanga, uipige kwa simu yako, kioo kisiwake. Unitumie. Albamu zote za bibi ziliungua, na yangu ilikuwa kwenye ile simu niliyoiacha jikoni. Wiki iliyopita aliniuliza kama nakumbuka mawaridi yalikuwa upande wa kulia au wa kushoto, nami sikukumbuka.