Sheria ndogo ya ujenzi kwenye mji mdogo: msimalizie mkutano wote kwenye ada

Mkuu mleta mada, nimesoma andiko lako mara mbili. Umesema mamlaka ya mji mdogo wenu imebandika rasimu ya sheria ndogo ya vibali vya ujenzi, mkutano wa hadhara ni Jumamosi ijayo, na wewe una kiwanja ulichoachiwa na marehemu mzee, tofali umeshaanza kufyatua kwa ajili ya vyumba viwili na sebule. Unauliza kama huo ni mradi wa kuwakamua wananchi, na mfanye nini mkifika pale. Wengi waliotangulia wamekushauri mgome. Mimi nakuomba uende, na uende umejiandaa.

Nimefanya ufundi mwashi zaidi ya miaka 20. Miaka 5 kati ya hiyo nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa hiyo nilikuwa mjumbe wa baraza la mji mdogo wetu wakati sheria kama hiyo inajadiliwa. Haya ninayoandika nimeyaona nikiwa na mwiko mkononi, nikayaona tena nikiwa kwenye kiti cha mjumbe.

Kwanza tuondoe hili la kwamba kibali kimezuliwa na viongozi wenu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kibali kipo kisheria, mji wenu uwe na sheria ndogo au usiwe nayo. Kinachoamuliwa huko kwenu ni namna kibali kitakavyotolewa, nani atakagua, lini, kwa viwango gani na kwa pesa ngapi. Hayo manne ya mwanzo ndiyo yanayobeba uhai wa watu, na ndiyo watu huwa hawayaulizi.

Nikupe kisa cha kwetu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye uongozi, jengo la ghorofa moja jirani na stendi lilidondosha slabu usiku. Walimwaga zege kutwa nzima, wakamaliza kwenye saa 1 jioni, mvua ikanyesha. Mirunda, yaani miti ya kushikilia slabu mpaka zege likauke, walikuwa wameisimamisha juu ya udongo wa kujaza bila hata kipande cha ubao chini yake. Udongo ulipolowa, mirunda ya upande mmoja ikazama, mbao zikaachia, slabu ikashuka na nondo zake zote. Kijana aliyekuwa akilinda saruji alivunjika mguu sehemu mbili. Nilifika saa 11 alfajiri na tochi. Mirunda kadhaa ilikuwa bado imesimama wima, imezama. Nikang'oa mmoja, nikaingiza mkono kwenye tundu lake, ukazama mpaka kiwiko. Halafu nikaangalia nguzo: ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo pamoja, zilikuwa zimeachana karibu sentimita 40, na upande mmoja nondo zilionekana nje ya zege kwa sababu hawakuweka biskuti hata moja, vile vipande vya zege vya kutenganisha nondo na mbao.

Asubuhi ile kila mtu stendi alikuwa anasema mwenye jengo kajenga bila kibali. Tuliitisha faili ofisini. Kibali kilikuwemo. Muhuri umegongwa, ada imelipwa, risiti imebanwa kwa pini, michoro ya mhandisi imekunjwa vizuri, na kwenye michoro hiyo ringi zilitakiwa kila sentimita 20. Mwisho wa faili kulikuwa na karatasi ya ukaguzi yenye nafasi za kusainiwa: msingi, nguzo, slabu, paa. Zote tupu. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kufika pale tangu siku ya kuchimba msingi.

Tangu siku hiyo mtu akinitajia sheria ya vibali, kitu cha kwanza ninachouliza ni ile karatasi.

Na wala hili si tatizo la miji midogo peke yake. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa limefika ghorofa 16, zaidi ya zilizoruhusiwa kwenye kibali. Ghorofa haijengwi usiku mmoja ikafichwa. Kila ghorofa ya ziada iliongezwa mchana, watu wakipita chini yake. Nairobi, mtaa wa Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la makazi lilianguka baada ya mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 40. Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, tukashuhudia tena wafanyabiashara wakiitana kutoka chini ya kifusi.

Sasa twende kwenye baraza. Rasimu ilipoletwa kwetu, vikao viwili vizima viliishia kwenye jedwali la ada. Kila mjumbe alisimama kukitetea kitongoji chake, mimi nikiwemo, na nilipiga kelele kweli. Ada ikashushwa, watu wakapiga makofi. Kifungu cha ukaguzi kikasomwa jioni, wajumbe wameshachoka. Kilisema: "Mkaguzi anaweza kuingia katika eneo la ujenzi wakati wowote unaofaa." Tulikuwa tunakaribia kukipitisha. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, mzee tunayemheshimu sana, akanyoosha mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, hilo neno 'anaweza' linamfunga nani?"

Ukumbi ukanyamaza. Mwanasheria wa halmashauri akakiri kwamba halimfungi mtu. Linampa mkaguzi ruhusa ya kwenda, halimpi wajibu wa kwenda. Mwalimu akataka liandikwe "atafika", na iandikwe ni ndani ya siku ngapi. Mabishano yakaanza upya, kwa sababu mhandisi alisema kwa haki kabisa kwamba yuko peke yake, kata ni nyingi, na pikipiki ya idara haina mafuta nusu ya mwezi. Nilimwonea huruma, maana alikuwa anasema kweli. Jibu tulilofikia ni kwamba sehemu ya ada ya vibali itengwe kwenye bajeti kwa ajili ya ukaguzi, yaani mafuta na fundi sanifu wa pili, na taarifa ya idadi ya kaguzi zilizofanyika iletwe barazani kila robo mwaka. Kifungu kikaandikwa hivi: mjenzi akishatoa taarifa, mkaguzi atafika ndani ya siku 2 za kazi, kabla zege halijamwagwa, na atasaini karatasi ambayo nakala yake inabaki kwa mjenzi.

Kabla zege halijamwagwa. Mkuu, hilo shika sana. Zege likishafunika nondo hakuna mkaguzi duniani atakayeona kwa macho kama ulisuka ringi au hukusuka. Akija wakati wa lipu anaona lipu.

Kulikuwa na hoja ya kwamba mkaguzi asipotokea, mjenzi aendelee tu. Kwa nyumba ya chini nilikubali, kwa sharti kwamba mjenzi awe na ushahidi wa kutoa taarifa. Kwa ghorofa nilikataa na bado nakataa. Slabu isubiri.

Jambo la pili ambalo naomba ulisome kwa makini kwenye rasimu yenu ni viwango. Ya kwetu ilikuwa imenakiliwa kutoka jiji fulani, mpaka jina la jiji lilibaki kwenye ukurasa mmoja. Ilitaka kila nyumba iwe ya tofali za saruji na kila mchoro, hata wa chumba na sebule, uwe umechorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa. Kwenye mji ambao kuta nyingi ni za tofali za kuchoma na msanifu wa karibu yuko mkoani, hiyo maana yake ni kuwafanya robo tatu ya wakazi wavunja sheria siku ya kwanza. Na mtu ambaye hawezi kutimiza kiwango haachi kujenga. Anajenga usiku, Jumapili na sikukuu, bila mtaalamu yeyote kumsaidia.

Wazee wana sababu ya kuzitilia shaka kanuni za ujenzi. Wajerumani waliweka kanuni zao Dar es Salaam tangu mwaka 1891, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nyumba za namna gani zikae wapi. Waingereza wakaendelea na mtindo huohuo, ndiyo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mtu ambaye babu yake aliambiwa nyumba yake ya udongo haifai kuonekana ufukweni hataamini haraka kwamba safari hii kanuni ni kwa usalama wake.

Kenya walipita kwenye swali hilihili la viwango. Mwaka 1968 serikali yao ilitoa kanuni za ujenzi za mfano ambazo kila baraza la mji lingeweza kuzikubali zikawa sheria ndogo zake. Zilikuwa za daraja mbili, na daraja la pili lilikusudiwa nyumba za gharama nafuu. Hata hilo la pili likaonekana zito kwa watu wa kipato cha chini, likafanyiwa marekebisho yaliyotoka mwaka 1995, na Nakuru ni kati ya miji iliyoyakubali. Kilichonivutia kwenye marekebisho yale ni mantiki yake: kanuni inauliza ukuta utaweza nini, kuliko kuuliza umejengwa kwa kitu gani. Kama tofali ya udongo iliyoshindiliwa na saruji kidogo inabeba mzigo na haimong'onyoki kwa mvua, basi ipite.

Sisi tuliibana idara ikachora ramani tano za mfano za nyumba za chini, zinapatikana ofisini kwa gharama ya kutoa nakala. Ukichukua moja ya hizo huhitaji msanifu. Tofali za kuchoma zinaruhusiwa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hatukukilegeza, na mimi ndiye niliyekisimamia: lenta, yaani mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, izunguke nyumba nzima, kuta za nje na za ndani, isiishie juu ya milango na madirisha. Mwenye kuona ni gharama za bure akumbuke tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, si kubwa kwa vipimo vya dunia, lakini maelfu ya nyumba yaliharibika Bukoba na vijiji vya jirani. Kuta ambazo hazijafungwa pamoja juu zinafunguka kwenye kona, kila moja inaangukia upande wake.

Wajumbe walitaka kujua lenta hiyo inamgharimu mtu wa kawaida kiasi gani, nikawapigia hesabu ubaoni. Nyumba ya mita 8 kwa 6, kuta za nje ni mita 28, weka ukuta mmoja wa ndani wa mita 6, jumla mita 34. Nondo nne za mm 10 kuzunguka kote ni mita 136. Nondo moja ina mita 12. Ukiongeza za kupandishana na kukunja kwenye kona, nondo 13 au 14 zinatosha, na ringi za mm 6 juu yake. Nenda duka la vifaa vya ujenzi leo ukaulize bei, ulinganishe na bei ya mageti ambayo watu wanaweka kwa majirani kuona.

Kwa upande wako wewe mwenyewe. Kiwanja ni cha urithi na hujasema kama kimepimwa. Hakikisha rasimu inaeleza mtu asiye na hati anathibitishaje umiliki: barua ya mwenyekiti wa kitongoji, nyaraka za mirathi, mkataba wa mauziano. Ikisema hati tu, wewe na majirani zako wengi mmefungiwa nje, na hilo ndilo la kulipigia kelele. Angalia pia umbali wa kuacha mpakani. Kwetu ni mita 1.5 pembeni na 3 mbele. Kwenye viwanja vya urithi vilivyogawanywa kwa watoto watano inabana kweli, kwa hiyo ulizeni kama jirani wawili wakikubaliana kwa maandishi wanaweza kuungana ukuta. Nyumba zilizokwishajengwa nazo ziwe na kifungu chake, msiache kimya.

Na mtu asikutoze faini kwa rasimu. Ya kwetu ilitoka kwenye maoni ya wananchi, ikapita baraza la mji mdogo, ikaenda baraza la madiwani la wilaya, ikapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ndipo ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikishatangazwa inakuwa na namba ya Tangazo la Serikali na mwaka. Mgambo akija na daftari la faini muulize namba hiyo, kwa heshima, na uiandike.

Jumamosi wahi, ukae mbele. Omba mwenyekiti aanze na kifungu cha ukaguzi kabla ya jedwali la ada, watu wakiwa bado na nguvu. Mtafuteni fundi mmoja wa hapo kwenu anayeaminika asimame aeleze nondo zinavyosukwa, maana mkutano utamsikiliza kuliko ofisa. Na kama unaweza, piga picha ukurasa wenye kifungu cha ukaguzi uuweke hapa kabla ya Alhamisi. Nitausoma neno kwa neno nikujibu usiku uleule.