Siri za wateja wa unasihi huvujia wapi kwenye simu?

SWALI: Mimi ni mnasihi wa kujitegemea mjini Mombasa. Wateja hunitumia ujumbe wa WhatsApp kati ya kikao na kikao, nami huandika kumbukumbu za vikao kwenye simu hiyo hiyo. Nasikia ujumbe wa WhatsApp husimbwa, yaani hugeuzwa usisomeke na mtu mwingine. Je, hilo linatosha kutunza siri zao?

JIBU: Halitoshi, ingawa uliyoyasikia ni kweli. Tangu mwaka 2016 ujumbe husimbwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na aliye njiani haambulii kitu. Lakini siri za wateja huvujia zaidi kwenye simu zenyewe. Nakala rudufu (backup) ya ujumbe wako inayokwenda Google Drive haisimbwi hivyo mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio na kuliwasha hilo, na wengi wetu hatujawahi kufika huko. Kagua pia vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako, kwani kompyuta uliyoiazima siku moja huenda bado inapokea kila kitu. Upande wa mteja nao, simu iko mezani wakati wa chakula, kioo kinawaka: "Pole kwa yaliyotokea na mumeo, tuonane Alhamisi saa tisa." Aliyekaa karibu nayo ni huyo mume. WhatsApp ibaki ya kupangia miadi tu, na katika kikao cha kwanza mwulize mteja ni nani mwingine anayeishika simu yake.

Kumbukumbu ndizo zinazonitia hofu zaidi. Nchini Finland, kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo kiliibiwa kumbukumbu za wateja zaidi ya 30,000, na mwaka 2020 mwizi, baada ya kushindwa kukikamua kituo, aliwaandikia wateja mmoja mmoja akidai euro 200, la sivyo angeanika waliyomwambia mtaalamu wao. Ziondoe zako kwenye simu, uziweke kwenye kompyuta ambayo diski yake imesimbwa, kila mteja akitajwa kwa namba, na orodha ya majina ikae kwenye daftari ndani ya kabati lenye kufuli. Usiandike kisichohitajika kwa tiba. Maneno ya mteja neno kwa neno ni nadra kuhitajika.

Simu ikiibwa kabla hujafanya hayo, na ikawepo hatari halisi ya wateja kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua, na wateja wenyewe pia.