Kabla hujanunua kamera: picha za nguo kwa duka la mtandaoni

Dada, umesema unaanza kuuza mitumba na magauni ya kitenge mtandaoni ukiwa Sakina, Arusha, wateja wanalalamika kwamba rangi ya picha si ya nguo, na unauliza ununue kamera au taa ya duara. Mimi nauza kwa njia hiyo hiyo hapa Moshi, mzigo wangu mwingi unatoka soko la mitumba la Memorial. Ushauri wangu: hiyo hela iache kwanza. Nunua pasi nzuri ya mvuke, kisha tafuta dirisha.

Mteja wa Mwanza hawezi kuishika nguo, ananunua rangi aliyoiona. Akiagiza maruni, basi likamshushia nyekundu, umempoteza hata kama kitambaa ni kizuri. Na mara nyingi anayeharibu rangi ni mwanga, simu unaionea tu. Tazama vibanda vya sokoni. Juu kuna turubai la bluu, jua likipenya linapaka ubluu kila kilicho chini yake. Macho yako yameshazoea, huoni tofauti, lakini kwenye picha blauzi nyeupe inatoka kama imezidishiwa bluu ya kufulia. Ukuta wa kijani nao unarudisha ukijani wake kwenye nguo. Kwa hiyo usipigie picha sokoni. Peleka nguo nyumbani, kwenye chumba chenye kuta nyeupe.

Sasa dirisha. Utasikia mafundisho mengi kwamba dirisha zuri ni linalotazama kaskazini. Hayo ni ya Ulaya, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linatuhama. Kuanzia Aprili hadi Septemba linapita upande wa kaskazini, hivyo tumia dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Februari, geuza. Unachotaka ni mwanga wa anga bila miale ya jua kugonga nguo yenyewe. Nje usipige saa sita mchana, jua likiwa utosini kila mkunjo unatoa kivuli cheusi. Ila yale mawingu ya Juni na Julai tunayoyalalamikia kwa baridi, kwa kazi hii ni neema kubwa: mwanga unatawanyika sawasawa, unaweza hata kutoka barazani ukapiga.

Nguo ikae ubavu kwa dirisha, na upande wa giza simamisha karatasi ngumu nyeupe ya manila irudishe mwanga. Taa za ndani zima zote. Balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, nusu ya gauni inakuwa njano na nusu bluu, na hilo hakuna programu inayolinyoosha vizuri.

Pasi nimeitaja mwanzo kwa sababu hapa ndipo duka linapotofautiana na fungu la mia tano. Mtumba umetoka kwenye belo umebanwa wiki kadhaa, mikunjo yake haiondoki kwa kukung'uta. Piga mvuke kwanza kola, kisha mikono, kisha mkanda wa vifungo, mwili uwe wa mwisho. Kata nyuzi zinazoning'inia, ondoa manyoya kwa kubandika na kubandua selotepu. Gauni likiwa pana kwa mdoli, libane kwa pini mgongoni ili kiuno kionekane, lakini usilibane hadi libadilike umbo, maana mteja ataliamini.

Simu inajaribu kuifanya kila picha iwe na mwanga wa wastani, ndiyo maana nguo nyeupe inatoka ya kijivu na nyeusi inatoka imechujuka. Gusa skrini juu ya nguo, kisha vuta alama ya mwanga inayotokea: panda kidogo kwa nyeupe, shuka kidogo kwa nyeusi. Kitenge chenye wekundu mkali au shuka la Kimasai, punguza pia, la sivyo wekundu unafurika na mistari inamezwa. Rudi nyuma hatua mbili ukuze mara 2. Ukisogea sana nguo inavutika, mabega yanakuwa makubwa kuliko pindo. Filta usiweke kabisa.

Kwa mitumba, doa au tundu lipige kwa karibu na uliweke pamoja na picha nyingine. Wateja wangu wanarudi kwa sababu ya picha hizo kuliko zile nzuri. Piga pia futi ya fundi ikiwa imelazwa juu ya nguo, kwapa hadi kwapa, kisha bega hadi pindo. Lebo peke yake haitoshi: 10 ya Uingereza ni kama 6 ya Marekani, na kwenye belo moja zote zimo.

Instagram picha za wima za 4 kwa 5 zinajaza skrini vizuri, saizi 1080 kwa 1350. WhatsApp inabana picha, na ikibana, ufumaji wa kitambaa unapotea. Mteja akitaka kuona kwa karibu, mtumie kama hati, siyo kama picha. Ataweza kuikuza hadi aone mshono.