Monita ya 144 Hz na gemu za zamani: CJ anashindwa kuogelea, vyombo vinaruka vyenyewe

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nimenunua monita ya 144 Hz (inabadili picha mara 144 kwa sekunde), mtumba ila haina mkwaruzo hata mmoja, kwenye gemu mpya inateleza vizuri sana. Shida ni gemu zangu za zamani. GTA San Andreas nilizima frame limiter (ile inayofunga idadi ya picha kwa sekunde) ili nifaidi monita, sasa CJ, yule mhusika mkuu, akiingia kwenye maji anapiga mbizi lakini hasogei, kama kafungwa jiwe. Skyrim ndo balaa, nikiingia ndani ya nyumba sahani na vikombe vinaruka kutoka mezani vyenyewe, halafu nikianza gemu upya ule mkokoteni wa mwanzo unarukaruka mpaka unageuka. Jamaa yangu kaniambia monita mbovu niirudishe. Kompyuta yangu ina kadi ya picha ya Nvidia. Naomba msaada.

JIBU: Salama mkuu. Usirudishe monita, ni nzima kabisa, na kadi yako ni nzima. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeshaletewa mashine ya mtu aliyekuwa na tatizo hilihili la kwako, kabla ya kufika kwangu alikuwa kashapigiwa windows upya mara mbili na kuuziwa RAM, hela imeenda na CJ bado hasogei. Tatizo liko kwenye namna gemu zenyewe zinavyohesabu muda.

Iko hivi. Gemu inachora picha moja moja, kila picha tunaita fremu, na kabla ya kuchora kila fremu inapiga hesabu: gari limefika wapi, mtu kasogea kiasi gani, maji yanamzuia kiasi gani. Ukitengeneza gemu vizuri unaiambia ipime muda halisi uliopita tangu fremu iliyopita ndo isogeze vitu kulingana na huo muda. Lakini watengenezaji wengi wa enzi zile walijua kabisa gemu itatembea kwenye fremu 30 au 60 kwa sekunde basi, wakaandika hesabu zao "kwa kila fremu" na wakaishia hapo. Kwenye fremu 30 kila fremu inachukua milisekunde 33 hivi, kwenye 60 ni 16.7, kwako wewe kwenye 144 ni 6.9. Hesabu ya gemu haijui kwamba fremu imekuwa fupi hivyo.

Chukua mfano mdogo ufanye hata na kikokotoo cha simu. Sema kitu kinatembea na kila fremu kinapunguziwa spidi asilimia 1 kwa sababu ya msuguano. Fremu 30 zikipita, yaani sekunde moja, kinabaki na asilimia 74 ya spidi yake. Kwenye 144, sekunde ileile moja, kinabaki na asilimia 24 tu. Maji yaleyale, sekunde ileile, ila breki imekanyagwa mara 144 badala ya mara 30. Ndo maana mtu wako anaonekana kafungwa jiwe.

Na kuna kitu kizuri cha kuangalia kwenye San Andreas hapohapo ukiwa majini: tazama saa ya gemu pale juu kulia, dakika moja ya gemu ni sekunde moja ya kwako, ipime na saa ya simu utaona inaenda sawasawa kabisa hata fremu zikiwa 144. Maana yake ndani ya gemu hiyohiyo moja kuna sehemu inafuata muda halisi na sehemu inahesabu fremu, ndo maana huoni gemu nzima inakimbia, unaona kitu kimoja kimoja kinaharibika na unahisi ni kifaa.

Skyrim (2011) yenyewe inatumia mfumo wa fizikia unaoitwa Havok na Bethesda, watengenezaji wa gemu, waliuseti kwa fremu 60. Ukizidi hapo, hesabu ya vitu kugusana inatoka nje ya mstari, sahani iliyokaa juu ya meza gemu inadhani imezama ndani ya meza, inaisukuma itoke, inatoka kwa nguvu, inagonga kikombe, basi mezani pote panavurugika. Mkokoteni wa mwanzo nao unabebwa na fizikia hiyohiyo. Sasa swali ambalo hukuuliza ila ni la msingi, mbona kwenye monita ya zamani haikuwa hivi? Kwa sababu Skyrim inawasha V-Sync yenyewe, yaani haitoi fremu mpaka monita iwe tayari kuionyesha, na monita yako ya zamani ilikuwa ya 60 Hz. Monita ndo ilikuwa inakulinda bila wewe kujua. Umeitoa, umeweka ya 144, V-Sync ileile sasa inaruhusu 144.

Wala si gemu hizo mbili tu. Dark Souls II ya PC ilipotoka 2014 silaha zilikuwa zinachakaa mara mbili ya kawaida kwenye fremu 60 kuliko kwenye 30, ikaja kurekebishwa 2015. Quake III ya 1999 wachezaji waligundua ukifunga fremu 125 unaruka juu zaidi, kwa sababu gemu ilikuwa inahesabu muda kwa milisekunde nzima, na 125 inatoa milisekunde 8 kamili, mikato ya hesabu inaangukia upande wako. Na sisi tuliokulia TV za PAL (mfumo wa TV wa huku) za 50 Hz tumeshaishi upande wa pili wa jambo hili, gemu nyingi za Sega na PlayStation ya kwanza zilizotengenezwa kwa 60 Hz zililetwa huku bila kurekebishwa, zikawa zinaenda taratibu kwa kama asilimia 17, wengi tulidhani ndo spidi yake.

Haya, dawa. Funga fremu kwa kila gemu peke yake, usifunge kompyuta nzima, gemu zako mpya ziache zile 144 zake.

San Andreas rahisi kuliko zote, rudi kwenye display setup washa frame limiter. Inakufunga kwenye fremu 25 hivi, najua kwa macho yaliyozoea 144 itaonekana nzito. Ukiona huivumilii, iache imezimwa ufunge mwenyewe kwa nje kwenye 30. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia Manage 3D settings, nenda tab ya Program Settings, ongeza gta_sa.exe (faili linaloanzisha gemu), shuka mpaka Max Frame Rate weka 30. Usipokiona hicho kipengele draiva yako ni ya zamani, isasishe. Mwenye AMD, au mtu ambaye kipengele hiki hakimkamatii, apakue RTSS, programu ya kufunga fremu, ni ya bure, unaongeza exe ya gemu unaandika namba kwenye framerate limit basi. Mimi binafsi naipenda zaidi RTSS maana inakuwekea na namba ya fremu kwenye kona ya skrini, unaona kwa macho yako kama imekamata au la, na kwenye kazi hii kuona namba ni nusu ya matibabu.

Skyrim weka 60 kwa njia hiyohiyo. Kama yako ni Special Edition na unataka kweli kuicheza juu ya 60, ipo mod (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji) inaitwa SSE Display Tweaks, inarekebisha muda wa fizikia kila wakati kulingana na fremu zako, nimeifunga kwa watu na vyombo vinatulia mezani. Utakuta watu wanakwambia ubadilishe fMaxTime (muda wa fizikia kwa fremu moja) kwenye faili la ini, yaani la mipangilio ya gemu, kwa mkono, inafanya kazi, ila hiyo namba ni ya fremu moja maalum, ukiingia mjini fremu zikishuka hesabu inakataa tena, kwa hiyo mimi siishauri. Na save uliyoifanya vitu vikiwa vimetawanyika usiitegemee, rudi kwenye ya zamani.

Ukishafunga utakutana na kero ya pili na hii hairekebishwi na namba ya fremu. 60 haigawanyiki vizuri kwenye 144, inatoa 2.4, kwa hiyo fremu moja inakaa kwenye kioo mizunguko miwili, nyingine mitatu, ukizungusha kamera unaona inakwaruzakwaruza japo namba kwenye kona inasoma 60 safi. Kabla ya kucheza nenda settings za windows, System, Display, Advanced display, shusha monita iwe 120 Hz. 60 inaingia mara mbili kamili, 30 mara nne. Kama monita yako ina FreeSync au G-Sync iwashe, itafuata fremu yenyewe na hutahitaji kuhangaika na 120, ila cheki inaanzia ngapi maana nyingi zinaanzia 48, chini ya hapo inategemea kama monita inaweza kurudia fremu.

Kingine nakusihi, hata gemu ambayo haiharibiki ukiiacha wazi, ifunge tu. Gemu ya 2005 kwenye kadi ya leo ikiwa imekaa kwenye menyu tu bila limita inaweza kuchora mamia ya fremu kwa sekunde, kadi inachemka na feni inapiga kelele kwa ajili ya picha ambayo haisogei, na joto letu la huku unalijua.

Anza na San Andreas. Funga 30, monita 120, peleka CJ ufukwe wa Santa Maria Beach ndani ya gemu aingie majini aogelee, huku unatazama namba ya RTSS kwenye kona. Kama namba inasoma 30 na bado hasogei, niandikie toleo la gemu yako na mod zote ulizoweka, hapo tutakuwa tunatafuta kitu kingine.